Borrow au lend? Vitenzi vya Kiingereza vinavyotuchanganya Waswahili

Wadau, leo tuweke siasa pembeni. Soka itaingia kidogo huko chini, msihofu. Leo ni zamu ya ung'eng'e.

Najua wapo watakaosema, "Mzee, Kiswahili chetu kinatosha, ya nini kuhangaika na lugha ya watu?" Sawa, mimi mwenyewe Kiswahili nakipenda. Lakini hebu kaa nusu saa kwenye intaneti kafe yoyote, uangalie watu wanaandika nini. Barua za kuomba kazi. Fomu za vyuo vya nje. Barua pepe kwa mtalii aliyeahidi kununua vinyago. Nyingi ni kwa Kiingereza. Na anayesoma upande wa pili hakuoni uso, hasikii sauti yako, wala hajui kwamba kwenye kazi yako wewe ni mkali kuliko yeye. Anachokiona ni sentensi tu, na kwa hizo sentensi ndiyo anakupima.

Huwa napitia barua za vijana kabla hawajabonyeza kutuma, na kuna kitu kimoja nimekiona kinajirudia. Makosa yetu mengi hayatokani na uvivu wala ujinga. Yanatokana na Kiswahili chenyewe! Kichwani tunafikiri Kiswahili safi kabisa, halafu tunachukua kitenzi cha Kiingereza tulichokariri shuleni na kukibandika. Tatizo ni kwamba kitenzi kimoja cha kwetu kinaweza kuwa na wenzake watatu au wanne kwa Kiingereza. Na ule mstari mwekundu wa kompyuta usiutegemee sana, kwa sababu mara nyingi unaangalia herufi tu. Ukiandika "borrow" kwa herufi zake zote, unakuacha upite hata kama ulitakiwa kusema "lend".

Basi tuvichukue kimoja kimoja.

KUKOPA NA KUAZIMA

Hiki nakianza kwa sababu kinagusa mfuko. Kijana mmoja ninayemfahamu, mwongoza watalii wa Arusha, alimsaidia mgeni wake ambaye kadi ya benki ilimgomea. Akamtolea dola 150 za mfukoni mwake, wakakubaliana mgeni atazituma akifika kwao. Mwezi ukapita kimya. Kijana akaingia kafe, akaandika kwa adabu zote: "I borrowed you 150 dollars. I want us to finish this matter." Jibu likaja siku hiyo hiyo, tena la upole kabisa: usijali rafiki yangu, wala sikumbuki kukupa hizo hela, zichukue tu ziwe zawadi yako.

Umeona balaa hilo? Kijana anadai, mwenzake anaelewa kwamba anadaiwa na anakuja kulipa! Zilihitajika barua pepe mbili zaidi ndipo wakaelewana, akalipwa.

Kanuni ni hii. "Borrow" ni kuchukua kitu cha mtu ukijua utakirudisha. "Lend" ni kutoa. Ukikopa, "you borrow FROM somebody". Ukikopesha, "you lend TO somebody". Wakati uliopita wa "lend" ni "lent". Kwa hiyo yule kijana alitakiwa kuandika: "I lent you 150 dollars." Maneno matano, basi. Mmarekani anaweza pia kusema "I loaned you", usishangae ukikutana nayo.

Kwa nini tunakosea? Kukopa na kukopesha kwa Kiswahili viko wazi. Mchawi ni kuazima. Tunasema "nimeazima baiskeli kwa Juma", hapo nimechukua. Kisha tunasema "Juma, niazime baiskeli", hapo Juma ndiye anayetoa. Kitenzi ni kile kile, kinaenda na kurudi. Ndiyo maana "niazime kalamu" inageuka "borrow me your pen" bila mtu kushtuka. Kiingereza hakikubali. Sema "lend me your pen", au "can I borrow your pen?"

Ukitaka isitoke kichwani, kumbuka ile tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Shylock anatoa dukati 3,000, kwa hiyo Shylock "lends". Antonio anazichukua kwa ajili ya rafiki yake, kwa hiyo Antonio "borrows". Na aliyeweka ratili ya nyama ya mwili wake rehani ni nani? Ni yule wa "borrow". Tena neno hilo "borrow" asili yake kwenye Kiingereza cha kale ni neno lililomaanisha dhamana. Anayekopa ndiye anayeweka dhamana.

Msidhani lakini Waingereza wao wako wazi kila mahali. "I rent a house in Sinza" inaweza kuwa mpangaji anaongea, na inaweza kuwa mwenye nyumba pia. Sisi tuna kupanga na kupangisha, kazi imekwisha. Ukiwa mwenye nyumba, ongeza "out": "I rent out a house." Hapo hakuna atakayekuuliza kodi umelipa lini.

ULE MKIA WA -SHA NA -ZA

Hapa Kiswahili kinatusaidia sana, ila watu hawajui kukitumia. Sisi tukitaka kusema kwamba mtu amesababisha jambo, tunaongeza mkia tu. Panda, pandisha. Lala, laza. Anguka, angusha. Kumbuka, kumbusha. Kiingereza zamani sana, kwenye lugha zilizokizaa, kilikuwa na mkia wa namna hiyo. Mkia ukapotea, ukaacha alama kwenye vokali za ndani. Ndiyo maana leo una jozi hizi:

"Rise" ni kupanda, "raise" ni kupandisha. Nauli imepanda: "The fare has risen." Wamepandisha nauli: "They have raised the fare." Kwa hiyo "the fare has raised" ni kosa, maana nauli haipandishi kitu.

"Fall" ni kuanguka, "fell" ni kuangusha, ila hiki hutumika zaidi kwa miti. "They felled the tree": waliuangusha mti.

"Lie" ni kulala au kujilaza, "lay" ni kulaza au kuweka. "Lie down, my friend", lakini "lay the baby on the bed". Hii ni ngumu hata kwa wenye lugha yao, kwa sababu wakati uliopita wa "lie" ni "lay"! "Yesterday I lay in bed all day." Halafu kuna "lie" nyingine ya kudanganya, ambayo inakwenda "lied". Usizichanganye, maana utasema ulidanganya kitandani.

Zipo pia jozi ambazo hazifanani sura, ila kazi ni ile ile ya mkia. "Remember" ni kukumbuka, "remind" ni kukumbusha. Usimwambie mtu "remember me to call her", mwambie "remind me to call her". "Learn" ni kujifunza, "teach" ni kufundisha. "He learned me computer" ni kosa kwa Kiingereza cha leo, ingawa enzi za Shakespeare "learn" ilitumika hata kwa maana ya kufundisha, na kwenye tamthilia yake ya The Tempest imo. Kwa bahati mbaya wewe na mimi si Shakespeare. Tuandike "he taught me".

Dawa: kabla ya kuandika, isome sentensi kwa Kiswahili moyoni. Ukisikia -sha au -za mwishoni, simama, jiulize kama Kiingereza kina kitenzi tofauti cha hapo.

KUOMBA

Wanaotafuta kazi wasome hapa mara mbili. Kwa Kiswahili tunaomba kazi, tunaomba msaada, tunaomba maji, tunaomba Mungu, na ombaomba naye anaomba. Kote ni kitenzi kimoja. Kwa Kiingereza kila mahali pana chake:

Kazi, chuo au viza unaiomba kwa "apply for". "I wish to apply for the post of driver."
Msaada unauomba kwa "ask for". "I asked for help."
Kwenye barua rasmi unaweza kutumia "request", lakini ikiwa kitenzi haiendi na "for". "I request your assistance", si "I request for your assistance".
Mungu unamwomba kwa "pray".
Na "beg" ni kuomba kwa kusihi au kwa shida, kama ombaomba wa barabarani.

Sasa fikiria meneja anapokea barua yenye "I am begging for a job in your company". Wewe ulitaka kuwa na adabu, maana kwetu "naomba" ni neno la heshima, hata chai mgahawani unaiagiza kwa "naomba chai". Yeye anasoma mtu aliyekata tamaa. Adabu ya Kiingereza haikai kwenye kitenzi cha kuomba, inakaa kwenye "please", "could" na "would". "Could I have some tea, please?" Hapo umeomba kwa heshima na hujajidhalilisha.

Na ile sentensi ya mwisho ya barua, ambayo karibu kila mtu anainakili kwa mwenzake ikiwa na kosa lake: "I look forward to hear from you." Sahihi ni "I look forward to hearing from you". Tunakosea kwa sababu "kusikia" yetu inaonekana sawasawa na "to hear". Lakini hapo "to" imeungana na "look forward", haihusiani na kitenzi kinachofuata. Irekebishe leo kwenye faili lako, maana ndiyo sentensi ya mwisho anayobaki nayo msomaji.

KUSIKIA NA KUONA

Mswahili anasikia njaa, anasikia baridi, anasikia maumivu, anasikia harufu, na watu wa pwani wanasikia hata Kiingereza kidogo. Mwingereza sikio lake ni la sauti tu. Njaa, "I am hungry" au "I feel hungry". Maumivu, "I feel pain". Harufu, "I can smell smoke". Lugha, "I understand a little English".

"Hear" na "listen" ni rahisi, ni kama kusikia na kusikiliza. Sauti ikikujia yenyewe ni "hear". Ukiitegea sikio ni "listen to", na hiyo "to" usiisahau. Macho yana mambo matatu: "see" ni kuona, kitu kimekuja mbele yako. "Look at" ni kuelekeza macho, kama kuangalia picha. "Watch" ni kufuatilia kitu kinachoendelea, kama mechi au filamu. Sisi mechi tunaangalia na picha tunaangalia, ndiyo maana mtu anaandika "I was looking the match". Ni "watching the match".

KUSHINDA NA KUIBA

Hapa sasa soka. Mwaka 2003 Simba iliwatoa Zamalek ya Misri, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, kwa penati. Kwa Kiingereza: "Simba beat Zamalek on penalties." Ukiandika "Simba won Zamalek" ni kama vile Zamalek ilikuwa zawadi, Simba wakaibeba na kuondoka nayo! Unachokipata ndicho unachokiwekea "win": mechi, kombe, tuzo, pesa. Unayemshinda anawekewa "beat". Mfano mwingine: "Greece won Euro 2004. They beat Portugal 1–0 in the final." Watani wa jadi mjifunze hii, itawafaa mkitaniana na wageni mtandaoni. Na angalieni, wakati uliopita wa "beat" ni "beat" hiyo hiyo.

Kumbuka pia tunashinda nyumbani Jumapili kutwa. Hiyo ni "I spent the day at home". Na mtihani haushindwi kwa "win", ni "I passed the exam".

Kuiba nako kuna mitego. Kwetu "nimeibiwa" inatosha, kila mtu anaelewa kwamba ni vitu. Lakini "I was stolen" maana yake wewe mwenyewe ndiye uliyebebwa. Ukienda kituo cha polisi ugenini na sentensi hiyo utawaacha wanakukodolea macho. "Steal" inafuatwa na kitu: "They stole my phone." "Rob" inafuatwa na mtu au mahali: "They robbed me", "they robbed a bank". Kwa hiyo "I was robbed" au "my phone was stolen". Chagua moja.

KUSEMA NA KUAMBIA

Hii ni ya bure, Kiswahili kimeshakufanyia kazi yote. Kuambia lazima kuwe na anayeambiwa. Huwezi kusema "ameambia kwamba", lazima iwe "ameniambia", "amemwambia". "Tell" ni hivyo hivyo: "He told me that the office was closed." Kusema hakuna huyo mtu: "He said that the office was closed." Basi, kuambia ni "tell", kusema ni "say". Hutaandika tena "he said me" wala "he told that".

KUFANYA NA KUPIGA

"Do" na "make" zote ni kufanya, na sitawadanganya kwamba kuna kanuni isiyovuja. Kwa ujumla "do" ni kwa kazi au shughuli: "do business", "do homework", "do research". "Make" ni pale kitu kinapotokea ambacho hakikuwepo: "make a mistake", "make a decision", "make a plan". Mtihani ni "take an exam" au "sit an exam". Kosa la jinai ni "commit a crime". Hizi unazikariri kama zilivyo, hakuna namna.

Na Mwingereza anayejifunza Kiswahili naye analia na kupiga. Tunapiga simu, picha, pasi, mswaki, kura, hodi, magoti na kelele, wala hakuna aliyeumia. Kwa Kiingereza: "make a call", "take a picture", "iron", "brush your teeth", "vote", "knock", "kneel", "make noise". Nilitaka tu mjue kwamba mateso ni ya pande zote.

ZA HARAKA HARAKA

"Lose" ni kupoteza au kufungwa mechi. "Loose" yenye o mbili ni kulegea. Ile "don't loose hope" inayozunguka kila siku ina o moja ya ziada.

"Miss" ni kukosa: "I missed the bus." Ukisema "I lost the bus" umeliegesha mahali ukapasahau.

"Nakuja!" anasema Mbongo huku anaondoka. Kwa Kiingereza usiseme "I'm coming" ukiwa unatoka mlangoni. Sema "I'll be right back".

"Marry" hutumika kwa wote wawili. Sisi tuna kuoa na kuolewa, kwa hiyo dada akisikia "she married him" anadhani mambo yamepinduliwa. Hayajapinduliwa. Ila "with" usiiweke: ni "she married him", si "she married with him".

JARIBIO

Sahihisha hizi kabla hujaangalia majibu. Kuibia hapa ni kujiibia mwenyewe.

1. Please borrow me your dictionary until Friday.
2. The landlord has risen the rent.
3. Remember me to send the letter tomorrow.
4. I was stolen at the bus station.
5. Brazil won Germany in the 2002 World Cup final.
6. She said me that the job was taken.
7. I lied on the bed until noon.
8. I request for more information.

Majibu: ya kwanza ni "lend me". Ya pili "has raised", kwa sababu mwenye nyumba amepandisha. Ya tatu "remind me". Ya nne "I was robbed". Ya tano "Brazil beat Germany", tena 2–0. Ya sita "she told me". Ya saba "I lay". Ya nane ondoa "for".

Ukipata sita kwenda juu uko vizuri. Chini ya hapo, printi ukurasa huu, uukunje, uweke mfukoni, uwe unaupitia kwenye daladala. Na kama una barua unataka kuituma leo, itafute kwanza ile "look forward to hear".

Wenye vitenzi vingine vinavyowasumbua, viwekeni kwenye maoni hapo chini. Walimu wa Kiingereza mlioko humu msikae kimya, nikiwa nimeacha kitu ongezeeni. Wakenya na Waganda nanyi tuambieni huko kwenu ni vipi, maana nasikia "borrow me" inavuka mipaka bila pasi ya kusafiria.